Mkono Uliosingiziwa

Kazi yangu ni kutengeneza chapa za shaba za kupigia batiki, na katika kazi hii mchoro mbovu haufichiki. Unakata utepe mwembamba wa shaba, unaukunja kufuata mstari aliouchora mchoraji, unaulehemu. Mstari ukiyumba, shaba inayumba. Chapa ikichovywa kwenye nta na kugongwa kwenye kitambaa, mji wetu mzima wa Pekalongan, hapa kisiwani Java, unauona upungufu wako. Kwa hiyo siku Bu Kunthi, yaani Mama Kunthi mchoraji wetu, aliponiletea karatasi ya maua ya jasmini yenye kingo za ngazi ngazi, mimi ndiye niliyekwenda kwa Pak Haji, mzee mwenye karakana, kusema.

"Pak Haji, michoro ya siku hizi ina kasoro," nilimwambia. "Sijui ni macho ya mama yule au ni mkono."

Hayo maneno ya mwisho hakuna aliyenituma niyaseme.

Bu Kunthi alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na katika karakana yetu alikuwa amechora miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa penseli na karatasi ya mafuta. Kompyuta ilipoletwa, wachoraji wenzake wawili waliaga, wakasema ua haliwezi kuota kwenye kioo. Yeye alikaa. Miezi mitatu alikuwa akichora na kufuta, akiuliza bila haya, akichekwa na akicheka mwenyewe. Mwezi wa nne alichora mkia wa ndege ambao nilipoukunja kwa shaba sikuhitaji kurekebisha hata kona moja. Watu walimshauri anunue ile kalamu ya kuchorea kwenye kompyuta. Akakataa. Alikuwa ameshaizoea mausi yake nyekundu isiyo na waya, akiisukuma mezani kwa vidole vitatu tu, taratibu, kama mtu anayempapasa paka aliyelala.

Mwaka ule maji ya bahari yalipanda mitaani mara tatu. Mara ya tatu yaliingia ghalani, yakalowanisha kabati la michoro ya zamani. Tuliokoa tulichoweza, tukaanika karatasi kwenye kamba kama nguo. Pak Haji Fatkhuri akanunua diski ya kuhifadhia, ile ndogo ya kuchomeka pembeni ya kompyuta, ili michoro iliyonusurika ipigwe picha na kutunzwa humo. Asubuhi diski ilikuwa kwa Bu Kunthi, akifungua michoro ya zamani na kuchota humo maua na majani ya kazi mpya. Adhuhuri mke wa Pak Haji, tuliyemwita Bu Hajah, aliichukua akaenda nayo ofisi ya mbele kuingiza picha nyingine. Ilikuwa desturi ya kila siku, hakuna aliyeifikiria.

Ndani ya wiki chache mausi ikaanza ugonjwa. Bu Kunthi alikuwa akivuta mstari, mshale kwenye kioo unabaki nyuma, halafu unaruka ghafla kama mtu aliyekanyaga moto. Petali inayotakiwa kuwa ya mviringo inatoka na pembe. Na kazi iliyokuwa mezani haikuwa ya mchezo: kitambaa cha sare ya mahujaji wa msimu ule, kundi zima, na siku yao ya safari haikuwa ya kusogezwa.

Pak Haji si mtu wa kukaa mikono mfukoni. Alibadilisha betri. Akabadilisha kitambaa cha kuwekea mausi. Mwishowe akanunua mausi nyingine mpya, nyeusi, nayo isiyo na waya. Asubuhi iliyofuata ile nyeusi nayo ikaruka vilevile. Hapo akamwita fundi wa kompyuta kutoka mjini, Mas Bagyo, yaani Kaka Bagyo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Mas Bagyo ni fundi kweli, na hakufanya haraka. Alikuja baada ya chakula cha mchana, akakaa saa nzima. Akasafisha, akaondoa programu zisizo na kazi, akachora duara kwa mausi, duara jingine, na nyota. Vyote laini kama siagi.

"Pak Haji, kifaa hiki ni kizima," alisema huku akifunga begi lake. "Na ile nyekundu pia ni nzima. Sina cha kutengeneza hapa."

Bu Kunthi alikuwa amesimama karibu na dirisha, mkono wa kulia ameufumbata ndani ya wa kushoto.

Pak Haji alisubiri hadi fundi alipoondoka. Kisha akamwambia Bu Kunthi kwa upole, na nadhani upole ndio uliomwumiza zaidi. "Bu, umetufanyia kazi miaka yote hii. Labda mkono umechoka. Kuna mchoraji mjini Semarang, anaweza kuja Jumatatu kumalizia kazi ya mahujaji. Wewe utamwelekeza tu. Hutaondoka."

"Vizuri, Pak Haji," alijibu Bu Kunthi. "Aje."

Alikubali upesi mno. Mtu aliyegoma kununua kalamu kwa miaka sita akakubali kunyang'anywa ua lake kwa pumzi moja! Mimi nilijua kuna kitu, lakini nilirudi kwenye shaba yangu, maana aibu ilinishika.

Aliyekwenda kumwuliza ni Ruwiyah.

Mbak Ruwiyah, yaani Dada Ruwiyah, alikuwa mchanganyaji wetu wa rangi. Shule aliacha darasa la sita. Kucha zake zilikuwa za buluu mwaka mzima, hata sikukuu. Katika kazi ya rangi kuna mambo mengi ya kukuponyoka: maji ya kisima cha leo si ya jana, jua likijificha rangi inageuka, chumvi ikizidi kijiko kitambaa kinakuwa na mabaka. Wachanganyaji wengi wakipata rangi mbaya hubadilisha kila kitu kwa mkupuo, kisha wakifaulu hawajui kilichowafaulisha. Ruwiyah hakuwa hivyo. Alikuwa na daftari lenye jalada la plastiki, na kanuni yake ilikuwa moja: leo gusa kitu kimoja, vingine viache, andika.

Alimkuta Bu Kunthi nyuma ya jiko, chai imempoa mkononi. Mimi nilikuwa karibu nikiosha chapa, nikasikia.

"Bu, umemkubalia Pak Haji kama mtu anayekimbia polisi," alisema Ruwiyah akijikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Umeiba nini?"

Bu Kunthi hakucheka. "Ru, mama yangu alianza hivihivi. Mkono wa kulia. Na ulikuwa ukimtetemeka asubuhi tu, mchana unatulia. Mwaka wa tatu alikuwa hashiki kijiko." Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Na mimi ni asubuhi tu. Umeona? Fundi alikuja mchana, mashine ikawa nzima. Mchana mimi pia ni mzima. Nimeacha kumbeba mjukuu wangu. Namwambia mwanangu nina mgongo."

Nilisimama na brashi mkononi, maji yanachuruzika miguuni. Kumbe wiki zote zile alikuwa amebeba zigo hilo peke yake, na mimi nilikuwa nimemwongezea jiwe.

Ruwiyah alisogeza ndoo yake karibu naye. Kisha akauliza swali ambalo mimi, Pak Haji na fundi hatukuwa tumeliuliza.

"Mkono unaruka ukishika nini?"

"Mausi."

"Na ukishika sindano? Kisu cha jikoni?"

Bu Kunthi akafikiri. "Sijui. Naogopa kutazama."

"Basi kesho asubuhi tutatazama pamoja. Saa mbili. Na ukichelewa nitakuja kukutoa kitandani mbele ya majirani."

Kesho yake saa mbili asubuhi Ruwiyah alikuwa ameshapasha nta na kutandaza kipande cha kitambaa cheupe juu ya fremu ya mianzi. Akamkabidhi Bu Kunthi kalamu ya nta, ile ya kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba kuliko mguu wa siafu. Kwa kalamu hiyo huwezi kudanganya. Mkono ukitikisika kiasi cha unywele, nta inadondoka na doa halifutiki.

"Chora jasmini," alisema Ruwiyah. "Lile lile la mahujaji."

Bu Kunthi alipuliza mdomo wa kalamu. Akavuta pumzi. Mstari ukatoka. Petali ya kwanza, ya pili, ya tano, kikonyo, jani lenye mishipa yake yote. Hakukuwa na doa. Niliinama hadi pua ikakaribia kugusa nta, na ninaapa, ningekunja shaba juu ya mstari ule nikiwa nimefumba macho.

Ruwiyah aliandika kitu kwenye daftari, akalifunga kwa kishindo. "Saa mbili na robo asubuhi. Mkono mzima. Mshtakiwa ameachiwa huru. Sasa tumtafute mwizi."

Bu Kunthi aliweka kalamu chini, akafunika uso kwa viganja. Mabega yalitikisika, lakini sauti haikutoka. Ruwiyah alimwacha amalize, akikoroga nta taratibu kana kwamba hana haraka yoyote duniani.

Kisha wakaenda kwenye kompyuta, nami nikawafuata bila kualikwa. Ruwiyah alikaa kwenye kiti, akashika ile mausi nyekundu kama anayeshika kaa. Alikuwa hajawahi kuigusa.

"Inaendaje hii? Mbona imekwenda juu? Nirudishie, nirudishie!"

"Sukuma tu, haing'ati," alisema Bu Kunthi, na nikamsikia akicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Mshale ukasonga, ukakwama, ukaruka. Ruwiyah akatulia. "Haya. Mimi sina mama aliyetetemeka. Nayo inaruka. Pak Mudi, njoo ushike." Nikashika. Ikaruka. Akaandika: mikono mitatu, kosa lile lile.

Kuanzia hapo niliona kazi nzuri kuliko nyingi nilizoziona maishani, na hakuna aliyeinua sauti wala kutumia neno gumu. Aliweka betri mpya, akaacha kila kitu kingine kama kilivyo. Inaruka. Akaandika. Akarudisha zile za zamani. Nikamwuliza kwa nini anarudisha betri za zamani wakati mpya ni bora.

"Nikiziacha mpya, kisha nikabadilisha meza ikapona, utaniambia ni meza au ni betri? Nenda kalehemu, Pak Mudi."

Akaondoa kioo cha juu ya meza, akaweka karatasi nyeupe chini ya mausi. Inaruka. Akairudisha. Akazima simu zote chumbani, hata yangu. Inaruka. Akasogeza mausi hadi karibu kabisa na kompyuta. Hapo ikapungua kidogo, haikuacha. Kwenye mstari huo alichora nyota pembeni.

"Ikikaribia inasikia vizuri zaidi," alisema kama anayezungumza na daftari. "Basi si kwamba haioni njia. Haisikii. Kuna kitu kinaipigia kelele." Akageuka. "Bu, asubuhi humu ndani kuna nini ambacho mchana hakipo?"

Wakahesabu. Jua la dirishani. Pampu ya kisima. Redio ya wapiga chapa. Siku nzima hiyo Ruwiyah alikimbia kati ya mapipa yake ya rangi na chumba kile, akizima kimoja na kuwasha kingine. Wapiga chapa walilalamika walipozimiwa redio katikati ya wimbo. "Mbak, kwani unatibu panya au unatega?" mmoja alipiga kelele. "Nikimkamata nitakuletea umchome mishikaki," alijibu bila kusimama. Pazia likafungwa, pampu ikazimwa, redio ikanyamaza. Inaruka, inaruka, inaruka. Lakini adhuhuri ilipopita, ikatulia yenyewe kama siku zote, naye alikuwa uani akisuuza vitambaa. Alikasirika kwamba hakuwepo.

Siku ya pili akakataa kuondoka kwenye kiti. Alikula wali wake wa megono, ule wenye fenesi changa, hapohapo, mkono wa kushoto kwenye mausi, akizungusha mshale mviringo bila kukoma, jicho kwenye kioo. Bu Kunthi alikuwa akimwambia apumzike, mimi nikisingizia kutafuta koleo.

Adhuhuri Bu Hajah akaingia, kanga begani. "Samahani jamani, nachukua diski yangu." Akainama, akabofya kuitoa kama alivyofundishwa, akachomoa waya.

Duara la Ruwiyah likawa duara.

Hakupiga kelele. Aliweka sahani chini polepole, kana kwamba angemshtua ndege. "Bu Hajah," alisema, "naomba uirudishe."

"Nirudishe? Nina kazi, Mbak."

"Dakika moja tu, kwa hisani yako."

Ikarudishwa. Ikaruka. "Itoe tena." Ikatoka, mshale ukateleza kama bata majini. "Irudishe." Bu Hajah alianza kucheka, kisha akaona uso wa Bu Kunthi, akaacha.

Mara ya tatu Bu Kunthi mwenyewe alisema, "Imetosha, Ru. Tumeshajua."

"Rangi ikitoka vizuri mara moja ni bahati, Bu. Mbili, labda. Mara tatu ndipo ninaiandika."

Akaandika. Kisha akapiga magoti nyuma ya kompyuta. Kulikuwa na matundu mawili yaliyokaribiana. Kwenye moja ilichomekwa diski. Kwenye la pili, bega kwa bega nayo, kilichomekwa kile kidude kidogo kama punje ya maharage kinachopokea mawimbi ya mausi. Akavitazama kwa muda mrefu.

"Majirani," alisema. "Mmoja anapiga ngoma, mwenzake anajaribu kusikiliza simu. Pak Mudi, ile feni yako ndogo inayochomekwa kwenye tundu kama hili ina waya wa kurefushia, sivyo?"

Nilikimbia. Umri wangu hauruhusu, lakini nilikimbia. Akachomeka waya ule, akaweka kile kidude kwenye ncha yake, akakileta mbele juu ya meza, mbali na diski kiasi cha mikono miwili, akakibandika kwa gundi ya karatasi. Diski akaiacha ikifanya kazi palepale ilipokuwa.

"Kaa, Bu."

Bu Kunthi akakaa. Akaweka vidole vitatu juu ya ile mausi nyekundu. Alifungua mchoro wa zamani kutoka kwenye diski, jambo ambalo wiki zote zile lilikuwa likimharibia asubuhi, na juu yake akavuta mstari mmoja mrefu, mkunjo wa kikonyo kutoka pembe hadi pembe ya kioo. Mshale ulimfuata bila kubaki nyuma hata kidogo. Akachora petali. Akachora nyingine. Sisi watatu tulisimama nyuma yake kama watu walioalikwa harusini, hakuna aliyethubutu kukohoa, hadi Bu Hajah alipokumbuka kwenda kumwita mumewe.

Pak Haji alikuja, akaelezwa, akajaribu mwenyewe kuchomoa na kuchomeka. Alimpigia Mas Bagyo papo hapo na kuweka spika ili wote tusikie. Fundi akasema, "Ndiyo. Diski za namna hiyo zenye kasi hutoa usumbufu kwenye mawimbi ya vifaa visivyo na waya, hasa vikikaa jirani. Nilipokuja diski haikuwepo, na sikuuliza. Nani aliyegundua?"

"Mchanganyaji wangu wa rangi."

"Mwambie namwinamishia kichwa."

Kisha Pak Haji akapiga Semarang, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema mchoraji anaye. Alipokata simu akasimama mbele ya Bu Kunthi, mikono ameiunganisha kifuani. "Bu, niliuhoji mkono wako kabla ya kuihoji meza yako. Nisamehe."

"Hata mimi niliuhoji, Pak Haji," alijibu. "Tumsamehe nani?"

Ilibaki zamu yangu. Nilingoja watu watawanyike, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyepeleka maneno ya macho na mkono. Aliniangalia. "Najua, Mudi. Ukuta wa ofisi ni mbao." Kisha akarudi kwenye mchoro wake. "Lete macho yako hapa uniambie kama kona hii itakunjika kwa shaba." Nikaleta. Ilikuwa inakunjika.

Mchoro wa mahujaji ulimalizika siku nne baadaye. Chapa yake ilinichukua wiki moja, na sikubadilisha mstari hata mmoja. Pak Haji alitaka Ruwiyah aanze kukaa ofisini siku mbili kwa wiki kutunza kompyuta. Akakataa. Alisema buluu ilikuwa imemharibikia pipani siku mbili alizoiacha, na mashine haina harufu, yeye asingejua lini imechacha. Lakini siku hizi kitu kikigoma pale karakanani, jiko la nta, pampu, hata pikipiki ya mtu, utasikia watu wakisema: kamwite Ru, na asije mtu akagusa vitu viwili.

Kuna jambo moja zaidi, nalo lilinifanya nimheshimu Bu Kunthi kuliko michoro yake yote. Wiki iliyofuata alikwenda hospitali. Kalamu ya nta ilikuwa imemwambia kwamba mkono ni mzima, lakini hofu ya miaka haiondoki kwa ua moja, na alitaka kuisikia kwa mtu mwenye elimu ya mikono. Ruwiyah alimsindikiza kwa baiskeli ya kukodi ya magurudumu matatu. Daktari alimkunja vidole, akamfanya aandike, atembee, afumbe macho na kugusa pua. Hakuona dalili ya ugonjwa wa mama yake. Alimwambia arudi kila mwaka, na anunue miwani mipya.

Niliwaona wakirudi saa sita, wakiteremka mbele ya lango na vifurushi vya majani ya mgomba vyenye chakula cha karakana nzima. Ruwiyah alikuwa akimsimulia mwendesha baiskeli jinsi daktari alivyoshangaa kucha zake za buluu akataka kumpima yeye kwanza. Bu Kunthi alikuwa amemshika mkono, anacheka hadi anashindwa kuvuka mtaro.